Ikulu ya Mtemi

Wapenzi wa lugha, naanza kwa kukiri kosa. Nilipokuwa nikifundisha sekondari, kijana mmoja mzaliwa wa Urambo aliandika katika insha yake "ikulu ya Mtemi Mirambo". Nikalikata neno hilo kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni "makao", na kumpunguzia alama mbili. Kwangu mimi ikulu ilikuwa nyumba ya Rais, basi.

Kumbe kijana ndiye aliyepatia. Neno ni la Wanyamwezi na Wasukuma, nalo lilitaja makazi ya mtemi kabla nchi hii haijawa na rais. Ndani yake mna mzizi -kulu, ambao Kiswahili, kwa kudondosha l, kimeufanya -kuu. Kama vile Mgogo wa hapa Mlali asemavyo nzala, na Mswahili akasema njaa. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Watemi wakaondoka madarakani, neno likabaki na kuhamia serikalini.

Baada ya kustaafu nilizuru Kasubi, jijini Kampala. Nyumba ile kubwa iliyoezekwa kwa nyasi ilijengwa mwaka 1882 kuwa kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza. Alipofariki mwaka 1884, mwaka uleule aliofariki Mirambo, kasri likawa kaburi, na leo wamelala humo Makabaka wanne. Liliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, likajengwa upya. Lakini kilichonigusa zaidi ni akina mama wanaoshika nafasi ya wajane wa Makabaka, ambao bado wanaishi katika nyumba zinazouzunguka ua. Pale mgeni huvua viatu na kuketi anapoelekezwa. Kuna sehemu asizofika, kwa kuwa pana wenyewe.

Nikakumbuka safari ya wanafunzi wangu Unguja. Beit al-Sahel ilikuwa makazi ya masultani hadi Mapinduzi ya 1964, na mwaka 1994 ikafanywa makumbusho. Kule tulifika hadi vyumba vya kulala bila kupiga hodi, maana hakukuwa na wa kuitikia.

Nikitoka Mlali kwenda Dodoma mjini napita Chamwino, ambako Ikulu mpya ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Zamani niliona lango na walinzi tu. Siku hizi namwona pia mtemi, kwa kuwa neno hilo bado ni nyumba yake. Nami nililiingia darasani bila hodi, nikamtoa mwenyewe nje mbele ya mjukuu wake.

Kijana yule sasa ni mtu mzima, wala sijui aliko. Alama zake mbili bado ninazo. Nanyi wasomaji, kwenu makazi ya mtawala yaliitwaje? Andikeni, kabla hajatokea mwalimu mwingine mwenye wino mwekundu.