Mateka na Mtoto Wake

Asomaye riwaya ya upelelezi juu ya mwanamke aliyetekwa ili awazalie wengine aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya leo. Lakini nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambamo sasa umo mji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe, iliyajua katika karne ya 19. Mke aliyetolewa mahari alikuwa na baba na ndugu wa kumtetea. Mateka hakuwa na mtu. Kwa hiyo watoto wake walihesabiwa kuwa wa ukoo wa bwana wake, wala hawakuwapo wajomba wa kuwadai.

Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian, aliandika masimulizi ya wanawake wawili waliopata kutekwa, Narwimba na Chisi. Mwaka 1993 Marcia Wright aliyachunguza upya katika kitabu chake juu ya watumwa na wanawake.

Katika riwaya, fumbo ni nani aliyeteka. Katika historia hii swali zito ni jingine: mtoto ni wa nani? Kwa kuwa wanawake hao walisimulia wenyewe, jibu halikuachiwa watekaji peke yao.