Mkristo na Kiti cha Uthman: Sultani Yahya na Mipaka ya Historia Mbadala

Historia mbadala, yaani ule utanzu unaochukua tukio moja la kale, ukaligeuza, kisha ukafuata matokeo yake, mara nyingi huhesabiwa kuwa mchezo wa wasomi waliochoshwa na nyaraka. Dharau hiyo ni ya haraka. Charles Renouvier, mwanafalsafa wa Kifaransa wa karne ya 19 aliyeupa utanzu huu jina la ukronia, aliuona kuwa hoja dhidi ya imani kwamba yaliyotokea hayakuwa na budi kutokea. Karne nyingi kabla yake, Aristotle alikwisha kutofautisha mwanahistoria, anayesimulia yaliyotokea, na mshairi, anayesimulia yale yanayoweza kutokea kwa mujibu wa uwezekano au ulazima. Mtunzi wa historia mbadala ana deni kwa wote wawili. Anaruhusiwa kubadili jambo moja. Haruhusiwi kubadili mengine kumi kwa siri ili lile moja lizae matunda anayoyataka.

Kigezo hiki hakina kisa kinachokijaribu vizuri zaidi kuliko kile cha mtu aliyejiita Sultani Yahya, Mkristo aliyetumia takriban miaka 40 ya maisha yake akidai kiti cha Dola ya Uthmaniya. Kwa simulizi lake mwenyewe, alikuwa mwana wa Mehmed III, aliyezaliwa mwaka 1585 kabla baba yake hajatawazwa. Mama yake, asema, alikuwa Mkristo wa Kiyunani wa nasaba ya Komneno, watawala wa Trebizond, mji uliotekwa na Waturuki mwaka 1461. Mehmed III alipotawazwa mwaka 1595 aliwanyonga ndugu zake 19. Mama huyo, kwa kuhofia kuwa zamu ya mwanawe itafika, akatoroka naye. Yahya akalelewa miongoni mwa Wakristo wa Othodoksi na kubatizwa. Mwaka 1603 Mehmed III akafariki, na Ahmed I, kijana wa miaka 13, akatawazwa. Yahya akadai kwamba yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo kiti ni chake.

Kuanzia hapo maisha yake ni safari tupu. Alibisha hodi katika majumba ya kifalme na ya kidini: Prague, Florence, Madrid, Roma. Ukoo wa Medici wa Toscana ulimkaribisha. Alishauriana na viongozi wa Wakristo wa Balkani juu ya uasi, na katika miaka ya 1620 akafika Kiev kwa Wakosaki, ambao tayari walikuwa wakivuka Bahari Nyeusi kwa mashua na kuteka pwani za Sultani. Maisha yake yakaandikwa na Rafael Levaković, mtawa Mfransisko wa Kikroatia. Hata leo ukweli wa nasaba yake haujathibitishwa. Kwa mhakiki hilo si hasara. Dai la Yahya lilikuwa masimulizi kabla ya kuwa siasa: lina mtoto aliyefichwa, mama mwenye damu ya kifalme, utoro wa usiku na mrithi asiyejulikana anayerejea. Vipengele hivi msomaji wa ngano anavitambua mara moja.

Mtunzi anayetaka kumkalisha Yahya Istanbul hana budi kwanza kutafuta mwanya katika historia yenyewe, na mianya ipo. Mwaka 1617, Ahmed I alipokufa, kiti hakikwenda kwa mwanawe bali kwa ndugu yake Mustafa I. Kanuni ya mwana kumrithi baba ikavunjika. Mustafa akaondolewa mwaka 1618. Osman II aliyemfuata akauawa na majanisari mwaka 1622, Mustafa akarejeshwa, kisha akaondolewa tena mwaka 1623. Lakini mwanya mpana zaidi ni wa Februari 1640. Murad IV alifariki bila kuacha mwana aliye hai, na ndugu zake alikwisha kuwaua isipokuwa mmoja, Ibrahim. Inasimuliwa kwamba akiwa mahututi Murad aliamuru huyo naye auawe, na kwamba mama yao, Kösem Sultan, aliizuia amri hiyo. Mwana wa kwanza wa Ibrahim hakuzaliwa hadi Januari 1642. Kwa muda wa karibu miaka miwili ukoo wote wa Uthman ulining'inia kwenye uhai wa mwanamume mmoja aliyedhoofishwa na miaka ya kufungiwa. Yahya wakati huo alikuwa hai, na umri wake, kwa hesabu yake, ulikuwa miaka 55. Badiliko dogo kuliko hili ni vigumu kulipata: amri moja ikitekelezwa, kiti kinabaki kitupu.

Hapo ndipo utunzi mbovu hufanya haraka. Kiti kitupu huchukuliwa kuwa kiti kilichokwisha kukaliwa. Merikebu za Uhispania na Toscana zinatokea, Wagiriki na Waserbia wanaasi, msalaba unasimikwa juu ya Aya Sofia, na msomaji anatarajiwa kupiga makofi. Linalosahaulika ni swali la msingi: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumfanya mtu awe Sultani? Usultani haukuwa kofia. Ulihitaji baia ya wakuu wa dola na maulamaa, jina katika hutuba ya Ijumaa na katika sarafu, na bakshishi kwa majanisari. Mwaka 1648 Ibrahim mwenyewe aliondolewa kwa idhini ya fatwa ya Sheikh-ul-Islam. Watu walioweza kumng'oa Sultani Mwislamu kwa fatwa wasingemwapia Mkristo kwa sababu tu ya damu. Aidha, kulikuwa na jibu jingine lililokwisha kuwa midomoni mwa watu: masimulizi yaliyoenea yalisema kwamba ukoo wa Uthman ukikatika, warithi wangekuwa Magiray, makhani Waislamu wa Krimea wenye damu ya Genghis Khan. Kati ya mgeni Mwislamu na jamaa Mkristo, ni dhahiri Istanbul ingemchagua yupi.

Ugumu wa Yahya, basi, ni ugumu wa hadhira. Simulizi lake moja lilielekezwa kwa hadhira mbili zilizotaka miisho miwili tofauti. Mbele ya Papa, Medici na maaskofu wa Balkani, ubatizo wake ndio uliompa thamani. Bila ubatizo alikuwa Mturuki mwingine tu mwenye ugomvi wa kifamilia. Mbele ya majanisari na maulamaa, thamani yake ilikuwa damu ya Mehmed III peke yake, na ubatizo uleule uliibatilisha. Ili atawale ingembidi aukane ubatizo, na mara akiukana, waliomlipia merikebu wangemkana yeye.

Hii si dhana ya kinadharia tu. Katika miaka hiyohiyo, mbali kusini, jaribio la aina hii lilifanyika kweli. Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye baba yake aliuawa kwa hila za Wareno, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na watawa wa Kiaugustino na kubatizwa Jerónimo. Mwaka 1626 Wareno walimrudisha Mombasa akiwa mfalme Mkristo juu ya raia Waislamu. Taarifa za Kireno zinasema kwamba alionekana akisali kwa siri, kwa desturi ya Kiislamu, kwenye kaburi la baba yake. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu hadharani, na Wareno wa mji wakauawa. Mwaka uliofuata aliiacha Mombasa akawa haramia wa baharini hadi kifo chake mwaka 1638. Mombasa haikuwa milki kubwa kama ya Uthman, wala Yusuf hakuhitaji kuthibitisha nasaba yake, kwa kuwa kila mtu aliijua. Hata hivyo ubatizo ulimkalia kwa miaka mitano tu. Mtunzi wa Yahya ambaye hajaisoma habari ya Yusuf anaandika gizani.

Huenda mtetezi wa utunzi huo akamtaja Dmitri wa Uongo, aliyeingia Moscow mwaka 1605 kwa msaada wa mabwana wa Kipolandi, akiwa ameupokea Ukatoliki kwa siri, akatawazwa kuwa Tsari. Kisa hicho kina nguvu, maana chaonyesha kwamba simulizi la mrithi aliyefichwa laweza kufungua malango ya mji mkuu. Lakini Dmitri aliificha imani yake, ilhali Yahya aliitangaza kila alikopita. Na hata kwa kuificha, Dmitri aliuawa mwezi Mei 1606, chini ya mwaka mmoja tangu aingie mjini.

Historia mbadala ya Yahya inayosadikika ni nyembamba zaidi, na kifasihi ni tajiri zaidi. Amri ya Murad itekelezwe. Khani wa Krimea aitwe Istanbul. Waziri mkuu Kemankeş Kara Mustafa Pasha na Kösem Sultan wavutane juu ya masharti ya kumpokea. Wakati mji mkuu umeshughulika, Yahya avuke Adriatiki na kushuka Albania au Montenegro. Hapo asingekuwa Sultani. Angekuwa mfalme wa waasi milimani, akitumia jina la Uthman kukusanya watu waliolichukia jina hilo. Kinaya hicho kingetosha kubeba riwaya nzima, bila merikebu hata moja kuingia Bosporasi.

Vita vya Krete kati ya Venezia na Waturuki vilipoanza mwaka 1645, Yahya, mzee wa miaka 60, aliingia katika utumishi wa Venezia. Alifariki Kotor mwaka 1649. Kule Istanbul, kiti alikuwa amekalia Mehmed IV, yule mtoto aliyezaliwa Januari 1642, naye alikuwa na umri wa miaka saba.