Majina na Mpango: Historia ya Kuidhinishwa kwa Serikali za Kongo

Katika ibara ya 90 ya katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 imeandikwa ya kwamba Waziri Mkuu, kabla ya kushika kazi, atafika mbele ya Bunge la Taifa na kuweka wazi mpango wa serikali yake, na mpango huo ukikubaliwa na zaidi ya nusu ya wabunge wote, ndipo serikali huwa imeidhinishwa. Nchini Kenya, tangu katiba ya 2010, kila anayeteuliwa kuwa waziri huitwa peke yake mbele ya kamati ya Bunge aulizwe habari ya elimu yake, mali yake na mwenendo wake; na kule Marekani Seneti ilimkataa John Tower mwaka 1989 kwa kura 53 dhidi ya 47, hali rais aliyemteua alikuwa ndiyo kwanza ameingia madarakani. Sisi hatumpimi mtu mmoja mmoja: orodha yote hupita pamoja au huanguka pamoja, na kinachopigiwa kura, kwa maneno ya katiba yenyewe, ni kazi itakayofanywa wala si watu watakaoifanya. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mwenye kuifuatilia kadhia hii tangu siku za uhuru ataona kwamba aghalabu ugomvi wote umekaa katika majina, na mpango ukaja nyuma kama mgeni asiyealikwa. Sisi tukaao Vuhovi, Butembo na Beni, huku Kivu, tuna sababu ya kuiandika habari hii kwa uchungu.

Mwanzo wake ni Juni 1960. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei mwaka huo, iliyotungwa na Wabelgiji ili itumike kwa muda, iliagiza kwamba serikali yoyote lazima ipate imani ya mabaraza yote mawili, la wawakilishi na la maseneta. Uchaguzi wa Mei ulikuwa umekwisha pasipo chama chochote kupata wingi: chama cha Patrice Lumumba kilikuwa cha kwanza, nacho kilikuwa na viti 33 tu kati ya 137, na hata pamoja na washirika wake wa karibu hesabu ilikuwa mbali na 69. Waziri wa Kibelgiji aliyekaa Leopoldville, Walter Ganshof van der Meersch, alimtuma Lumumba kwanza atafute wingi ulipo, kisha akamgeuka na kumpa Joseph Kasa-Vubu jukumu la kuunda serikali. Na ni baada tu ya mgombea wa Lumumba, Joseph Kasongo, kushinda kiti cha uspika tarehe 21 Juni, ndipo Mbelgiji alipokiri kwamba hakuna mwingine anayeweza kuikusanya nchi ile. Siku mbili baadaye Lumumba alikuwa na orodha ya watu 37 kutoka vyama vingi, na Kivu yetu ikapata sehemu yake kwa Anicet Kashamura wa chama cha CEREA, aliyepewa wizara ya habari.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni kura zikapigwa. Wawakilishi 74 walikubali, mmoja alikataa, watano hawakuegemea upande wowote, na 57 hawakuwemo ukumbini, wengi wao kwa makusudi, kwa kuwa vyama vyao viliona vimepunjwa katika mgawanyo wa vyeo. Yatafakari mahesabu hayo, msomaji: serikali ya kwanza ya nchi huru ilipita kwa ziada ya kura 5, na waliochukizwa nayo hawakusimama kuipinga mbele ya watu, bali walinyamaza wakajitenga, wakaiachia chuki yao ikomae nje ya Bunge. Seneti iliidhinisha kwa kura 60 dhidi ya 12. Siku 6 baadaye bendera ya Ubelgiji ikashushwa.

Tarehe 5 Septemba, Kasa-Vubu, aliyekuwa sasa Rais, alitangaza redioni kwamba amemwondoa Lumumba na kumweka Joseph Ileo mahali pake. Baraza la wawakilishi lilikutana tarehe 7 likabatilisha uamuzi huo kwa kura 60 dhidi ya 19, na kesho yake Seneti ikafanya vivyo hivyo kwa kura 41 dhidi ya 2. Sheria ilikuwa bayana na Bunge lilikuwa limesema. Lakini tarehe 14 Kanali Mobutu aliwanyamazisha wote, Rais, Waziri Mkuu na wabunge, na Ileo hakupata kamwe ridhaa ya wawakilishi kwa serikali yake ile. Mwaka uliofuata, wabunge walipokusanywa tena, ilibidi wafungiwe katika chuo kikuu cha Lovanium, juu ya kilima nje ya Leopoldville, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, ili pesa na bunduki zisiwafikie. Na humo, tarehe 2 Agosti 1961, Cyrille Adoula aliidhinishwa pasipo kura hata moja ya kumpinga.

Kisa cha 1965 kinastahili kukumbukwa kuliko kinavyokumbukwa, kwani ndipo Bunge la Kongo lilipoikataa serikali iliyoletwa na Rais, likaikataa kwa kura zilizohesabiwa mchana kweupe. Moïse Tshombe na muungano wake wa CONACO walikuwa wamepata viti 122 kati ya 167 katika uchaguzi wa mwaka huo, na ushindi huo ulimtia Kasa-Vubu hofu ya kunyang'anywa urais. Tarehe 13 Oktoba alimwondoa Tshombe katika uwaziri mkuu akamteua mahali pake Évariste Kimba, Mkatanga mwenzake Tshombe. Tarehe 14 Novemba Kimba alisimama mbele ya Bunge, akapata kura 121, na zilizomkataa zikawa 134. Rais mwenye busara angetafuta mtu wa tatu atakayekubalika pande zote. Kasa-Vubu alimteua Kimba yuleyule kwa mara ya pili, kana kwamba kura ile haikupigwa. Siku 10 hazikutimia majenerali walipokutana, na usiku wa kuamkia tarehe 25 Mobutu akatwaa nchi, akatoa hoja kwamba wanasiasa wameshindwa kuelewana. Kimba alinyongwa hadharani mjini Kinshasa tarehe 2 Juni 1966 pamoja na wenzake watatu. Mimi sisemi kwamba Mobutu asingeipindua nchi lau Kasa-Vubu angeiheshimu kura ya wabunge. Nasema kwamba Rais mwenyewe ndiye aliyemkabidhi hoja.

Miaka 32 iliyofuata ina machache ya kusimulia katika mlango huu. Mawaziri waliteuliwa na kuondolewa kwa tangazo la redio, na ijapokuwa Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, Étienne Tshisekedi aliyechaguliwa na Kongamano la Taifa kuwa Waziri Mkuu mwezi Agosti 1992 hakuachiwa atawale.

Katiba ya 2006 ilikusudia kuyafuta hayo yote, na mtu wa kwanza kupita chini yake alikuwa Antoine Gizenga, mzee yule yule aliyekuwa naibu wa Lumumba mwaka 1960. Aliteuliwa tarehe 30 Desemba 2006, akaitoa orodha yake tarehe 5 Februari, akaidhinishwa tarehe 24. Katika orodha hiyo Antipas Mbusa Nyamwisi, aliyeitawala Beni na Butembo wakati wa vita, alipewa mambo ya nje, na watu wengi wa kwetu walilihesabu hilo kuwa heshima kubwa. Lakini orodha hiyo hiyo ilikuwa na Waziri wa biashara ya nje aitwaye Kasongo Ilunga, ambaye siku ya kushika kazi hakutokea, wala siku ya pili, wala wiki zilizofuata. Vyama vilikuwa vimeombwa kupeleka majina mawili kwa kila cheo, na ikadhaniwa na wengi kwamba chama chake kiliandika jina la mtu asiyekuwepo ili jina la pili lichaguliwe. Ikaletwa barua ya kujiuzulu, naye Gizenga akashikilia kwamba mwenye barua aje mwenyewe. Hakuja. Jina tupu lilikuwa limepita mikononi mwa vyama, likasomwa mbele ya taifa, na hakuna aliyeuliza mtu huyu ni nani wala atafanya nini. Sidhani kama pana ushahidi mwingine unaotosha zaidi kuonyesha orodha ilikuwa imegeuka kitu gani.

Sasa nafika palipotuuma. Mwishoni mwa Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni, mji na wilaya yake, pamoja na Butembo hazitapiga kura hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa amani. Watu wa Beni walijipanga tarehe 30 wakapiga kura zao wenyewe za mfano, kwa ukunjufu na utulivu ulioshinda ule wa wakubwa. Lakini Félix Tshisekedi aliapishwa kuwa Rais tarehe 24 Januari 2019 pasipo sauti yetu, na Bunge likafunguliwa bila wabunge wetu, waliochaguliwa tarehe 31 Machi. Bungeni, FCC, kambi ya Rais aliyeondoka, Joseph Kabila, ilikuwa na zaidi ya viti 330 kati ya 500. Hapo ndipo mabishano ya vyeo yalipoanza. Sylvestre Ilunga aliteuliwa Waziri Mkuu tarehe 20 Mei, orodha yake ikatoka tarehe 26 Agosti: watu 42 wa FCC na 23 wa CACH, kambi ya Rais mpya. Kura ya Bunge ilipigwa Septemba, na hapo Rais alikuwa amekaa zaidi ya miezi 7 akiwa na mawaziri wa mtangulizi wake.

Miezi hiyo kwetu ilikuwa miezi ya mazishi. Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018, ilikuwa imeshika Mangina, Beni, Butembo, Katwa na Vuhovi. Mwezi Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa katika hospitali mjini Butembo. Na tarehe 22 Julai Waziri wa afya, Oly Ilunga, alijiuzulu baada ya Rais kuikabidhi kazi ya kupambana na maradhi hayo kwa Profesa Jean-Jacques Muyembe. Wizara ikabaki bila mwenyewe wa kudumu, hali Kinshasa ilikuwa ikihesabu vyeo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, waliokufa walikuwa 2,287. Muyembe na wauguzi wetu walifanya kazi pasipo kungoja orodha. Wao ndio waliotuokoa.

Muungano ule wa FCC na CACH, uliopatikana kwa taabu, haukudumu. Tarehe 6 Desemba 2020 Rais aliuvunja, siku 4 baadaye Spika Jeanine Mabunda akaondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200, na tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 kati ya 382 waliokuwepo walimwangusha Sylvestre Ilunga. Bunge ni lile lile. Waliomwidhinisha ndio waliomwangusha, na ndio ambao tarehe 26 Aprili walimpa Waziri Mkuu mpya, Sama Lukonde, kura 410 kati ya 412, baada ya wale walioona wamesahaulika katika orodha kutishia kutopiga kura mpaka Rais alipokutana nao. Julien Paluku, gavana wetu wa zamani, aliingia katika wizara ya viwanda chini ya Ilunga na akabaki humo chini ya Sama. Wakati wa mabishano hayo ya Aprili, Beni na Butembo zilikuwa zimefunga maduka kwa mgomo dhidi ya mauaji, na wanafunzi walikuwa wameketi katika ua wa meya wa Beni wakimwita Rais aje. Hali ya dharura ya kijeshi ilianza kutumika tarehe 6 Mei.

Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Kongo, aliteuliwa tarehe 1 Aprili 2024. Orodha ilichukua karibu miezi miwili, na Bunge liliidhinisha serikali yake tarehe 11 Juni, kikao kikiendelea hadi usiku. Mwezi huo huo waasi wa ADF waliwaua makumi ya raia katika vijiji vya Beni na Lubero, na tarehe 28 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, katika njia iendayo Butembo. Mpango wa serikali uliokuwa umepigiwa kura wiki mbili kabla uliahidi usalama wa nchi na wa raia wake. Ahadi hiyo ndiyo wabunge wa Beni, Butembo na Lubero wanayopaswa kumdai Waziri Mkuu, kikao baada ya kikao, hata iwapo chama chao kina mtu katika orodha.