Darubini Badala ya Bunduki

Kuamka alfajiri kundi zima kwenda kutazama ndege! Vijana wengi wa mjini tunaona hayo ni mambo ya Wazungu waliokosa kazi. Sikatai, walioanza walikuwa na nafasi. Lakini, ndugu msomaji, kisa cha matembezi hayo kina damu ndani yake, na kinaanzia kwenye kofia.

Miaka ya 1880 bibi wa mjini kule Marekani alikuwa hajapendeza mpaka awe na ndege kichwani. Si unyoya mmoja tu, pengine ndege mzima, na mabawa yake na mdomo wake, kakaushwa. Mwaka 1886 Frank Chapman alizunguka mitaa ya maduka ya New York akihesabu kofia. Kati ya kofia 700, kofia 542 zilikuwa na manyoya ya ndege. Akatambua aina 40.

Aliyeteseka zaidi ni yangeyange wa kwao, ndugu wa huyu wetu anayefuata ng'ombe. Manyoya yake marefu, laini, huota wakati wa kuzaa. Basi mwindaji akamvizia pale pale kiotani, akawaua baba na mama, akachuna manyoya na kwenda zake. Makinda yakabaki yanalia njaa mpaka kufa. Mwaka 1903 wakia moja ya manyoya hayo ilimpatia mwindaji dola 32. Dhahabu ilikuwa rahisi kuliko hapo!

Sasa njoo kwa Florence Merriam. Mwaka ule ule wa 1886 alikuwa binti wa miaka 22, anasoma Chuo cha Smith, jimbo la Massachusetts. Yeye na mwenzake Fannie Hardy wakaanzisha chama cha kulinda ndege hapo chuoni. Angeweza kuwahutubia wenzake juu ya dhambi ya kofia, lakini nani anapenda kuhutubiwa? Yeye akawatoa nje. Akamwalika mwandishi John Burroughs, na wasichana wakamfuata mzee huyo vichakani kusikiliza ndege. Wengi humsifu Burroughs kwa hilo. Mimi namsifu aliyemwalika.

Msimu nao uliwasaidia. Sisi tunajua masika na kiangazi. Wao wana majira ya kuchipua, baridi ikishakwisha. Ndege waliokimbilia kusini wanarudi, madume yanaimba kutafuta majike, na majani bado machanga, hayajawa pazia. Majira hayo yakielekea mwisho, miti imefunga kijani, mtembezi anabaki kutegemea masikio.

Kumbuka kwamba wataalamu wa wakati ule walimwamini ndege aliyekwisha kufa, yuko mkononi, anapimwa. Florence alitumia darubini ndogo, zile walizokwenda nazo watu kwenye tamthilia, akakaa kimya na kuandika alichoona. Makala zake zikatoka kwanza katika jarida, kisha zikawa kitabu mwaka 1889, *Birds Through an Opera-Glass*. Na hapa nasema na ninyi mnaoficha madaftari chini ya godoro: chuoni alitoka mwaka 1886 bila digrii. Walimpa mwaka 1921, vitabu vyake vimeshasomwa zamani.

Kofia hazikuisha kwa siku moja. Mwaka 1896 Harriet Hemenway na Minna Hall wa Boston walianza kuwaita mabibi wenzao kwenye chai, wakiwashawishi waache manyoya. Sheria ya taifa ya kuzuia biashara ya ndege waliouawa kinyume cha sheria za majimbo ikaja mwaka 1900, na ya kuwalinda ndege wanaohama mwaka 1918.

Desturi hiyo ya kutembea kikundi ilifika kwetu pia. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya ndege Nairobi, kila Jumatano asubuhi. Ukienda mwezi Mei, mbayuwayu wa Ulaya usimtafute sana. Wengi wao wameshavuka Sahara, wako kwenye majira yao ya kuchipua, wanajenga viota vya udongo kwenye mazizi ya watu.