Vidonda vya Zamani na Nyama wa Upemba

Ndugu msikilizaji, wewe wa hapa mtaa wa Golf, nawe uliyefika Lubumbashi na mzigo kichwani kutoka upande wa Mitwaba. Leo tuzungumze juu ya parki ya Upemba.

Parki hiyo iliundwa mwaka 1939, wakati wa Wabelgiji. Babu zetu hawakuulizwa. Pori walilowinda likaanza kulindwa kwa sheria. Babu akamwambia baba, baba akakuambia wewe: "Serikali inapenda nyama kuliko watu." Neno hilo ni kidonda, nalo limerithiwa nyumbani kama shamba.

Kisha vita vikaja. Mwaka 2004 mai-mai walishambulia Lusinga, makao makuu ya parki. Watu wakauawa, jamaa za walinzi wakiwemo. Hapo nyumba za walinzi nazo zikapata kidonda chao. Tembo wakawindwa kwa ajili ya pembe. Punda milia, ambao katika Kongo nzima wamebaki huko tu, wakakaribia kwisha. Sasa jiulize: nani alishinda? Punda milia alipoanguka, hakuna pori lililorudi mkononi mwa mjukuu.

Mtazame Rodrigue Katembo. Akiwa na miaka 14 alitiwa jeshini, angali mtoto. Mwaka 2003 akaingia kazi ya kulinda nyama huko Virunga. Mwaka 2013 akakamatwa na kuteswa kwa sababu ya kazi hiyo. Baadaye akapewa kuongoza Upemba, na mwaka 2017 akapata tuzo ya Goldman. Yaliyompata utotoni hakuyaficha. Aliyasema mbele ya watu, tena hakuyageuza kuwa deni la kumlipisha jirani.

Wewe baba, wewe mama, wasimulie watoto habari za pori lililopotea. Lakini wasimulie yote, pamoja na waliokufa Lusinga.

Nanyi mashefu wa vijiji na wa mitaa, mkiita watu juu ya parki, msianze na sheria. Anzeni na swali hili: "Ulipoteza nini?" Mwanakijiji ajibu, na mlinzi naye ajibu, kila mmoja mbele ya mwenzake. Ndipo mzungumze juu ya mipaka, kazi za vijana na mitego.

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Jioni ya leo, anza nyumbani mwako. Amani iwe kwenu.