"Would", "will" na "may" katika sentensi za masharti za Kiingereza

Mzungumzaji wa Kiswahili anapoandika sentensi ya masharti kwa Kiingereza, mara nyingi hukosea mahali pamoja. Katika Kiswahili, kiambishi -nge- hutokea katika vishazi vyote viwili: *Ningekuwa na fedha, ningenunua shamba*. Ulinganifu huo ndio unaozaa "If I would have money, I would buy a farm". Kiingereza sanifu hakirudii hivyo. Kishazi chenye "if" huchukua umbo la wakati uliopita, na "would" hubaki katika kishazi huru: "If I had money, I would buy a farm". Hapo "had" haielezi jana wala juzi, bali yaonyesha kuwa jambo liko mbali na uhalisi.

Kwa sharti linalowezekana, -ki- hutusaidia, kwa kuwa haibebi wakati ujao: *Mvua ikinyesha, tutabaki nyumbani*, "If it rains, we will stay at home". Anayeanza na *Kama mvua itanyesha* ndiye anayeteleza na kuandika "If it will rain".

Kwa jambo lililokwisha kupita, *Ningalijua, nisingalikuja* ni "If I had known, I would not have come". Wengi leo husema *Ningejua, nisingekuja* kwa maana hiyohiyo; kwa hiyo mfasiri hana budi kuuliza kwanza kama wakati umepita, maana kiambishi hakitamwambia.

Suala zito zaidi ni "may", hasa katika mikataba. Tuchukue sentensi hii: "If the rent is late, the landlord may end the lease". Mpangaji akiisoma kuwa *huenda mwenye nyumba akavunja mkataba*, ataiona kama tetesi tu. Sivyo. Hapa "may" inatoa mamlaka: kodi ikichelewa, mwenye nyumba *anaruhusiwa* kuvunja mkataba, ingawa halazimiki. Kwingineko "may" na "might" hueleza uwezekano tu: "If she applied, she might get the place", *Angeomba, huenda angepata nafasi*. Ukiweka "would" badala ya "might", umetoa ahadi pasipo na ahadi.

Katazo la "will" na "would" baada ya "if" nalo lina mpaka wake. Vitenzi hivi vinapoonyesha hiari, si wakati, huruhusiwa: "If you will wait here, I will call the doctor" ni ombi la adabu, karibu na *Tafadhali subiri hapa, nimwite daktari*. Vivyo hivyo "I would be grateful if you would reply". Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuifuta "would" ya pili katika barua ya kuomba ufadhili kwa sababu alifundishwa kanuni bila kufundishwa sababu yake. Sentensi iliyobaki, "if you reply", ilipoteza unyenyekevu wote.

Kuhusu "should" mwanzoni mwa sentensi, kama katika "Should you need help, call this number", tafsiri yake ni *iwapo* au *endapo*: *Iwapo utahitaji msaada, piga nambari hii*. Neno *unapaswa* halina nafasi hapo.