Nyigu Mdogo wa Nyumba za Vioo

Fungueni madaftari yenu, na mwalimu wenu aandike ubaoni maneno matatu: adui, rafiki, dawa. Leo twasoma habari za mdudu mdogo aliyewasaidia wakulima, kisha akasahauliwa, kisha akatafutwa tena.

Mdudu kumlinda mkulima si jambo geni. Huko Uchina ya kusini, tangu kale sana, wenye michungwa walinunua viota vya chungu na kuvitundika mitini, ili chungu wale wadudu waharibifu. Nanyi mnaokaa pwani mwawajua majimoto, wale chungu wakali wanaoshona majani ya mwembe kuwa nyumba yao. Katika miaka ya 1950 wataalamu waliochunguza minazi ya Unguja waliona kwamba majimoto huulinda mnazi na mdudu anayefyonza nazi changa zikaanguka. Mpanda mnazi huwachukia kwa kuuma kwao, kumbe ni walinzi wasiodai mshahara.

Basi tuvuke bahari, twende Uingereza. Nchi hiyo ina baridi. Kwa hiyo wakulima wengi wa nyanya na matango hujenga nyumba za vioo na kupanda mimea yao ndani. Jua hupenya kiooni, na joto hubaki ndani. Kaskazini ya mji wa London, katika bonde la mto Lea, nyumba hizo zilikuwa nyingi sana mwanzoni mwa karne ya 20.

Lakini penye joto na chakula hapakosi mgeni asiyealikwa. Aliingia inzi mweupe, mdudu mdogo kama chembe ya unga. Hutaga mayai chini ya jani. Watoto wake hujibandika hapo kama magamba madogo, wakafyonza maji ya mmea. Hutoa utomvu mtamu, na juu ya utomvu huo huota ukungu mweusi. Mmea hudhoofika, na matunda huchafuka. Humo ndani hamna mvua wala upepo. Tena, adui aliingia, lakini maadui wa adui huyo walibaki nje. Wakulima walifukiza nyumba zao kwa hewa ya sumu kali, ambayo ingeweza kumwua hata mtu.

Mwaka 1926 mkulima mmoja wa nyanya aliona ajabu. Katikati ya magamba meupe yaliyo chini ya majani palikuwa na magamba meusi. Hakuyatupa. Alimwonyesha Bwana E. R. Speyer, mtaalamu wa wadudu katika kituo cha utafiti cha Cheshunt, katika bonde lile lile la mto Lea. Kutoka katika magamba meusi wakatoka nyigu wadogo mno, wasiofika urefu wa milimita moja. Jina lao la kitaalamu ni Encarsia formosa.

Nyigu huyu hamdungi mtu. Jike lake hutafuta mtoto wa inzi mweupe na kumtia yai mwilini. Yai huanguliwa, na funza wa nyigu humla mtoto wa inzi kwa ndani. Gamba hugeuka jeusi. Kisha nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo, akatoka, akaanza kuwinda.

Watu wa Cheshunt wakawafuga nyigu hao kwa wingi. Baada ya miaka michache kituo kiliwapelekea wakulima nyigu 1,500,000 kila mwaka, katika mashamba kama 800 ya Uingereza. Katika miaka ya 1930 wengine walipelekwa hata Kanada, Australia na New Zealand.

Ndipo ikaja dawa mpya. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu upesi. Baada ya vita kuu ya pili wakulima waliifurahia. Nani tena angengoja nyigu, hali dawa huua kwa siku moja? Kufika mwisho wa miaka ya 1940 kazi ya kufuga nyigu Cheshunt ilikwisha.

Lakini dawa haichagui. Ilimwua adui, ikamwua na rafiki. Nao wadudu wachache waliosalimika kwa sababu dawa haikuwadhuru ndio waliozaa. Vizazi vilivyofuata vikazidi kuizoea dawa. Mkulima aliongeza dawa, na gharama ikaongezeka. Basi watu wakarudi kwenye elimu ya zamani. Huko Uholanzi, mwaka 1967, mkulima wa matango aitwaye Jan Koppert alianza kuuza wadudu rafiki. Katika miaka ya 1970 nyigu wetu naye akarudi kazini katika nyumba za vioo za Ulaya. Siku hizi hata Kenya, kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, utitiri rafiki huachiliwa uwale utitiri waharibifu.

Nyigu huyu si wa miujiza. Hafanyi kazi vizuri penye baridi. Yafaa aachiliwe mapema, inzi wakiwa wachache, wala hapatani na kila dawa. Anayemtumia lazima ayachungulie majani yake mara kwa mara.

Nawe, mwenye ua katika kopo barazani au mboga nyuma ya nyumba, kabla hujanyunyiza dawa, geuza jani utazame chini yake. Ukiona mdudu, uliza kwanza: huyu anakula mmea, au anakula wadudu? Mkulima yule wa mwaka 1926 alianza kwa kutazama.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini inzi weupe walizidi ndani ya nyumba za vioo?
2. Kwa nini dawa ilipungua nguvu baada ya miaka?
3. Taja mdudu wa kwenu anayekula wadudu wengine. Watu humtendeaje?